Thamani ya Saa ya Kale

Wako wanaodhani kwamba anayenunua saa ya kale ananunua wakati uliopita. Mimi sioni hivyo. Wakati uliopita hauna muuzaji. Kinachouzwa ni chuma, kioo, rangi na vijigurudumu vyenye meno; na juu ya hivyo vyote, habari: saa hii ilitengenezwa lini, imepita mikono ya nani, kipi ndani yake ni cha asili na kipi kimeongezwa. Habari ndiyo iliyo ghali, nayo yaweza kuwa ya kweli au ya kuzuliwa. Kwa hiyo anayekwenda kununua saa ya mkono yenye umri wa miaka 60, hana budi kusoma kabla ya kulipa.

Nimeishi kwa mashairi na tafsiri, na sikusomeshwa lolote kati ya hayo mawili darasani. Elimu ya saa nayo niliipata vivyo hivyo, kwa kukaa alasiri nyingi kando ya meza ya fundi saa mmoja wa Darajani. Yeye hutia lenzi jichoni, mimi hutega sikio. Nikiuliza sana hunyamaza, nikinyamaza, husema.

Saa ya kamani ilikuwa kitu cha kawaida mpaka tarehe 25 Disemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilipotoa Astron, saa ya mkono ya kwanza kuuzwa inayokwenda kwa betri na jiwe la kwatzi. Katika miaka iliyofuata, viwanda vya saa vya Uswisi vilipoteza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake. Saa za betri zikawa rahisi na sahihi zaidi. Za kamani zikaingia sandukuni, na miaka ikapita, wajukuu wakaanza kuzitafuta.

Fungua mfuniko wa nyuma wa saa kama hiyo, utaona gurudumu la mizani likienda na kurudi. Saa nyingi za zamani hupiga mapigo 18,000 kwa saa moja, yaani 5 kwa kila sekunde na 432,000 kwa usiku na mchana. Kazi hiyo ingeula mhimili wa chuma upesi kama usingekalia kito. Ndiyo maana ya maneno “vito 17” yanayoandikwa usoni. Muuzaji mjanja huyatamka kana kwamba amefungasha hazina ya mfalme. Kumbe ni rubi ndogo za kutengenezwa, kwa njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902. Zina faida kubwa kwa mashine, hazina faida kwa sonara.

Pa kuanzia ni uso. Uso wa asili aghalabu umekwajuka: nyeupe imekuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, na pembezoni mna madoa ya unyevu. Mnunuzi mgeni huukimbia uso huo, akaenda kwa ule unaong'aa, uliopakwa rangi upya juzi. Utazame kwa lenzi huo unaong'aa. Herufi zake ni nene na zimevuja. Vijistari vya dakika havilingani. Nembo imeinama kidogo. Uso uliopakwa upya hupunguza thamani ya saa, mara nyingine kwa nusu. Nami mfasiri nauelewa ubaya wake, kwa kuwa nimekutana na nakala za tenzi ambamo mnakili, alipofika penye neno lililoliwa na mchwa, alitia lake badala ya kuacha pengo. Ubeti unasomeka vizuri, wala si wa mtunzi.

Tazama pia chini kabisa ya uso, pale mkono mfupi unapoelekea sisi tunaposema saa kumi na mbili. Herufi T mbili zikiyazunguka maneno “Swiss Made”, maana yake rangi inayong'aa gizani imetiwa triti, iliyochukua nafasi ya radi katika miaka ya 1960. Triti hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Saa ya miaka 50 inayong'aa mno gizani, basi imepakwa upya. Radi ni jambo jingine. Mng'ao wake umekwisha kufa, lakini yenyewe hupungua kwa nusu baada ya miaka 1,600, na vumbi lake lina madhara. Uso wa radi usikwanguliwe kwa kisu wala kwa kucha.

Kisha uende kwenye mwili wa saa. Kingo zilizokuwa kali zikiwa zimelainika kama sabuni, imesuguliwa mara nyingi. Dhahabu iliyochovywa hubanduka kwanza pembeni, pale mkono wa shati unapogusa. Kwetu visiwani liko na la zaidi: hewa ya chumvi. Zungusha kifunguo polepole; ukisikia mkwaruzo, kutu imeingia. Mwisho uiache saa siku nzima, uso juu, kisha chini, kisha wima. Saa ya umri huo ikichelewa sekunde 20 kwa siku, haina la kulaumiwa.

Yapo na mapambo yanayopandisha bei ghafla. Zile saa zenye nembo ya jambia la Oman usoni, zilizotolewa kuwa zawadi na Sultani Qaboos, aliyetawala tangu 1970 hadi 2020, huuzwa mnadani kwa bei inayozipita mbali ndugu zao zisizo na nembo. Kwa hiyo wako wanaolichora jambia pasipokuwa na jambia. Palipo na alama ya thamani, mwigaji hayuko mbali.

Haya yote yaweza kujifunzwa. Lililo gumu linakuja baada yake: ukishajua kusoma, unasoma kwa faida ya nani?

Bibi mmoja wa Miembeni, mwenye umri wa kunizaa, aliletwa na mjukuu wake kwenye meza ya fundi. Alifungua ncha ya kanga, akatoa saa ya marehemu mumewe, aliyekuwa karani bandarini. Ilikuwa West End, saa za Uswisi zilizojipatia jina Bombay tangu mwisho wa karne ya 19. Na chini ya jina hilo limeandikwa Sowar, yaani askari wa farasi.

“Mchuuzi wa vitu vya kale kanambia mbovu,” alisema. “Yakimbia, kwa siku yatangulia robo saa. Kataka kunipa elfu arobaini, name nimechoka kuiweka.”

Fundi hakusema neno. Alitoa dira ndogo kwenye mtoto wa meza, akaiweka karibu na saa. Sindano ikaiacha kaskazini, ikaigeukia saa. Akaniangalia, nami nikafahamu: saa imeingiwa na sumaku. Nyuzi za kamani nyembamba inayoiongoza mizani hunatana, zikawa fupi, na saa ikaenda mbio. Mjukuu akathibitisha kwamba kwa miaka ilikuwa ikilala juu ya spika ya redio. Dawa yake ni ya dakika moja, na ujira wake haupiti bei ya sahani ya wali.

Alipofungua mfuniko, mlikuwa na zaidi. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kukwangua alama ndani ya mfuniko kila wanapoisafisha saa. Mlikuwa na alama tatu kwa khati tatu tofauti. Moja ilikuwa na mwaka 1961, nyingine tarakimu za Kiarabu. Ilikuwa kama silsila ya wapokezi. Uso ulikuwa wa asili, haujaguswa. Ndiyo saa niliyokuwa nikiitafuta kwa miaka miwili.

Msomaji, ningenyamaza nisingekuwa nimesema uongo hata mmoja. Ningeongeza elfu kumi juu ya bei ya mchuuzi, na bibi angeniombea dua. Lakini mfasiri huishi kwa kuaminiwa na wasioweza kusoma lugha ya asili. Anayefumbua macho ndani ya kitabu kilichofungwa kwa wengine amepewa amana, na mfuniko wa saa ni jalada kama majalada mengine. Aliyekuja na saa yake mezani amekuja kusomewa.

Basi nikamsomea. Nilimwambia, “Bibi, saa hii si mbovu, ina sumaku tu.” Fundi akaitoa sumaku mbele yake, akamwekea saa sikioni. Akasikiliza kwa muda.

“Hii ndiyo sauti yake,” akasema. “Usiku nilikuwa nikiisikia mtoni.”

Nikamwambia kwamba saa ya namna ile, katika hali ile, tumeiona ikiuzwa kati ya shilingi 150,000 na 200,000, na kwamba akiamua kubaki nayo pia ni uamuzi mwema. Akataka siku tatu. Siku ya nne akaja na bei yake, 180,000, kwa kuwa paa lilikuwa likivuja na masika yako karibu. Na sharti moja: yale maandishi ya ndani yasifutwe. Mshairi hana hazina. Nililipa kwa awamu mbili, na saa ilibaki kwake mpaka nilipomaliza, kama ilivyo haki yake.

Rafiki yangu mmoja alinicheka, akasema nimelipa elfu mia na arubaini kwa ajili ya maneno machache. Nilimjibu kwamba maneno yale yalikuwa sehemu ya saa. Saa iliyonunuliwa kwa kumficha mwenyewe hali yake imepakwa rangi upya, hata kama uso wake haujaguswa. Habari yake imeshaingia neno lisilo la mtunzi.

Naitia ufunguo kila baada ya sala ya alfajiri. Beti hii niliiandika mwezi ule, nikaikunja ndani ya kisanduku chake, ili atakayeimiliki baada yangu aikute pamoja na alama za mafundi:

Kovu si aibu kwake, ni hati ya ushahidi,
Uso na mikono yake, visiguswe kwa kusudi,
Mpe mwenye haki yake, usingoje akurudi,
Saa ina neno lake, sikia kisha unadi.