Dennis, Sara na Swali la Mjomba

Tangu niache chuo, kila nikienda Msambweni mjomba wangu huniuliza swali lile lile: "Sasa mwanangu, haya mambo yamekufunza nini?" Anauliza kwa mapenzi, kikombe cha kahawa mkononi. Korona ilipofunga mahoteli ya Diani mwaka 2020, mama alirudishwa nyumbani na wenzake, karo ikaishia hapo. Vyuo vilifunguliwa, mimi sikurudi. Leo nakaa Ukunda, naandikia watu makala, nalipwa kwa M-Pesa wakikumbuka.

Swali la mjomba nalijua. Ndilo tulilofunzwa kuuliza Kidato cha Nne, tukisoma Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, kitabu walichohariri Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Mhusika bapa habadiliki. Mhusika duara hupata dhiki, hutambua, hukua. Hesabu rahisi, na alama za KCSE unapata. Ila hadithi zenyewe zinaikataa.

Mchukue Dennis wa "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike. Mtoto wa maskini, anafika chuo kikuu, anakoroga uji wake chumbani, anapendwa na Penina mwenye pesa. Anahitimu, kazi hakuna, Penina anamtimua. Darasani tuliandika ati Dennis amejifunza. Lini? Hadithi inakatika kidonda kingali kibichi. Mimi nampenda Wasike kwa hilo, manake hakumlazimisha kijana wa watu atoe hotuba mlangoni.

Lakini aliyenishika zaidi ni Sara wa "Mame Bakari," ya Mohammed Khelef Ghassany. Amebakwa, ana mimba, na anaishi ndani ya kichwa chake: baba atamfukuza, shule itamfukuza. Anayaona yote kama sinema. Kumbe wazazi wakishaambiwa wanampokea. Sasa angalia hapo. Dhiki ilimfunza Sara uongo mtupu kuhusu watu wake. Alichokuja kukitambua alikipata kwa kupokewa. Hilo hatukuliandika kwenye daftari, halikuwa na pa kuingia.

Siku hizi nikisoma hadithi za vijana wenzangu, za bichi boi wa Diani anayelala njaa kurasa tatu kisha aya ya mwisho "akatambua", narudi nyuma kutafuta. Ametambua kwa kuona nini? Nani kamwambia? Mara nyingi sipati kitu. Jamaa amechoka tu, basi.

Mama, hoteli ilipomwita tena, alikataa. Nilimuuliza kama ni ile miezi ya njaa iliyombadilisha. Akacheka.

"Njaa? Njaa ilinifanya nikope kwa kila mtu. Mimi niliamua jioni moja nilipohesabu pesa za mahamri ya mwezi mzima, nikaona kodi imetimia na unga umebaki."

Jioni hiyo ndiyo ninayoiandika sasa. Nishamuuliza alikaa wapi, taa ilikuwa gani. Anasema alihesabu mara tatu.