Umeamkaje

Zipo ruta ambazo kila zinapowashwa huweka alama kwamba zimejaribu kuamka. Alama hiyo huandikwa mapema kabisa na programu ndogo ya kuwashia iitwayo U-Boot, kabla kerneli ya Linux haijapakiwa, kabla hata taa ya mbele haijatulia. Mfumo ukishasimama, ni juu yake wenyewe kurudi pale na kuifuta. Alama tatu zikifuatana bila kufutwa, U-Boot huona kwamba fimwea hii, yaani huo mfumo wa ndani unaoiendesha ruta, ina ugonjwa. Huiacha na kugeukia nakala ya pili iliyotunzwa kando kwenye chipu ileile. Ruta za Linksys za ukoo wa WRT1900AC zimeundwa hivyo, na kwenye OpenWrt, mfumo huria wa Linux unaowekwa kwenye ruta badala ya fimwea ya kiwandani, kazi ya kufuta alama hiyo imebebwa na amri moja fupi: mtd resetbc s_env.

Amri hiyo imenikaa kichwani muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilikutana nayo nikiwa natayarisha ruta ya mtumba, ya aina ambayo haikuwamo bado kwenye orodha ya zile zinazokubali OpenWrt. Nayo ilikuwa na nakala mbili za fimwea na hesabu ya aina hiyo. Nilidhani kwamba mahali pa kuiweka amri ya kufuta ni jambo dogo la mwisho mwisho, la kumalizia tu. Sasa naona kwamba kazi nyingine zote zilikuwa zikinipeleka pale.

OpenWrt yenyewe ilianza mwaka 2004. Mwaka mmoja kabla, msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G ulikuwa umewekwa hadharani, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na Linux, na leseni ya GPL inamtaka anayegawa programu ya namna hiyo atoe na msimbo wake. Watu wakaanza na ruta ile moja, na tangu hapo kila aina mpya imeingia kwa mtu fulani kukaa nayo mezani, akaifungua na kuisoma. Kuongeza ruta kwenye mradi huu ni kuieleza zaidi kuliko kuibadilisha. Unaandika faili linaloiambia kerneli nini kiko wapi: taa ya umeme imeungwa kwenye mguu gani wa chipu, kitufe cha kurudisha mipangilio kiko kwenye mguu gani, kumbukumbu imegawanywa vipande vingapi na kila kipande kinaanzia wapi, anwani ya kila mlango wa mtandao inasomwa kutoka sehemu ipi. Ukikosea kuandika, kerneli itakuamini hivyo hivyo. Haina njia nyingine ya kujua.

Basi nilijifunza kutazama kwanza. Ndani ya ruta nyingi mna vitundu vinne vya siriali pembeni ya bodi. Unaunga nyaya tatu, wa ardhi, wa kutuma na wa kupokea, na ule wa volti 3.3 unauacha bila kuuunga, maana ruta ina umeme wake. Unafungua dirisha kwenye kompyuta, unaweka kasi ya 115200, unawasha, na ile ruta ambayo kwa nje ilikuwa kiboksi kimya inaanza kueleza mambo yake mstari kwa mstari: kumbukumbu niliyonayo ni hii, chipu niliyoikuta ni hii, napakia kerneli kutoka hapa. Niliisoma mistari hiyo mara nyingi sana kabla ya kuandika chochote, na kila niliporudi niliona jambo ambalo awali jicho langu lilikuwa limelipita.

Kuna kipande kimoja cha kumbukumbu kilichonifundisha kwenda taratibu kuliko vyote. Ni kidogo mno ukikilinganisha na kerneli, lakini kimebeba vipimo vya redio ya waifai vilivyochukuliwa kiwandani kwa ruta ile na si nyingine. Ruta mbili zilizotoka katoni moja zinatofautiana hapo. Fimwea ukiiharibu utaipakua tena. Vipimo hivyo ukivifuta, hakuna faili popote duniani litakalokurudishia, isipokuwa nakala uliyoichukua mwenyewe kabla. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kazi hii ya kubadilisha fimwea ni kunakili kila kitu kama kilivyo na kukihifadhi nje ya ruta. Nilipokuwa naanza niliiona hatua hiyo kama ucheleweshaji. Leo siwezi kuitenganisha na kazi yenyewe.

Desturi ya mradi inakuelekeza upande huohuo. Anayeleta kiraka cha ruta mpya, yaani fungu la mabadiliko ya msimbo, huandika juu yake maelezo: aina ya chipu, ukubwa wa kumbukumbu, namna ya kuweka fimwea mpya, na mara nyingi namna ya kurudi kwenye fimwea ya kiwandani au kuiokoa ruta isiyowaka. Nimesoma viraka vya watu wengi nisiowajua, na wale ninaowaheshimu zaidi ni wale walioandika sehemu ya kuokoa kwa urefu na upole. Unaona kabisa kwamba walikuwa wakimfikiria mtu aliye peke yake usiku, ruta yake haiwaki, na nyumba nzima inasubiri intaneti.

OpenWrt yenyewe imejengwa juu ya fikra hiyo. Chini kabisa mna mfumo wa kusomwa tu, usioandikika, na juu yake tabaka jembamba linalopokea mabadiliko yote ya mwenye ruta. Akivuruga mipangilio hadi ruta haifikiki, anaweza kubonyeza kitufe wakati ruta inawaka, au herufi f kwenye siriali, na ruta itaamka ikitumia lile tabaka la chini peke yake, ikimsubiri kwenye anwani 192.168.1.1. Akitaka, anafuta tabaka la juu na kuanza upya. Chini hapajaguswa.

Ila tabaka la chini lenyewe likiwa bovu, njia hiyo haisaidii. Hapo ndipo hesabu ya U-Boot na nakala ya pili zinapohitajika, na hapo ndipo mmoja wa wahakiki wa msimbo wa mradi, akisoma kiraka changu, aliponiuliza swali ambalo bado ninalo: kwa nini umeiweka amri ya kufuta alama mahali hapo?

Sikuwa na jibu la kutosha, nikarudi kufikiri. Ukiifuta alama mapema, mara tu kerneli inaposimama, basi fimwea iliyovunjika itajitangaza nzima kila siku. Itaamka, itafuta alama, kisha itakwama kabla ya kufungua mlango hata mmoja wa mtandao, na U-Boot haitakuwa na sababu ya kuishuku. Nakala ya pili itakaa palepale, nzima kabisa, bila kuitwa kamwe. Inaonekana basi kwamba usalama uko kwenye kuchelewa: ngoja huduma zote zisimame, ngoja waifai itangaze jina lake, ndipo ufute.

Nilielekea huko kwa muda, ruta ikiwa kwa jirani yetu mwenye duka la dawa, aliyekubali niijaribie kwake. Asubuhi moja alinipigia.

“Mwanangu, ile waifai imerudia jina lake la zamani, na neno la siri halikubali.”

“Mama, umeme ulikatika jana?”

“Ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi. Si unajua ulivyo.”

Ruta haikuwa na ugonjwa wowote. Kila umeme uliporudi ilianza kuamka vizuri, na kila mara ikakatwa kabla ya kufika pale nilipoiweka ile amri. U-Boot ilihesabu alama zake tatu na kufanya kama ilivyofundishwa: ikairudisha fimwea ya kiwandani, yenye jina na neno lake la siri la zamani. Kwa mtu aishiye mahali ambapo umeme haukatiki, kuchelewa kufuta alama hakuna gharama kubwa. Huku kwetu, muda huo usiofika dakika mbili unatosha kuifanya ruta nzima ihesabiwe kuwa mgonjwa.

Nikawa nalifikiria jambo hili hata nikiwa mbali na meza. Nililifikiria zaidi asubuhi, wakati wa kusalimiana. Mtu akiulizwa ameamkaje, hujibu salama, hata kama usiku mzima hakulala. Kisha, baada ya salamu zote, baada ya habari za nyumbani na za watoto, ndipo linapokuja neno lenyewe: salama, ila mdogo ana homa. Hakuna anayemwona kuwa amedanganya. Anayeuliza anajua kwamba jibu la kwanza ni la heshima, naye husubiri ile “ila” kabla ya kuendelea na njia yake. Uungwana wetu wote wa kujuliana hali umesimama juu ya kusubiri huko.

U-Boot haisubiri. Inapokea jibu moja tu, na jibu hilo likishatolewa mazungumzo yamekwisha. Kwa hiyo anayeiandikia ruta salamu yake anapaswa kujua mapema ni hali gani hasa inaistahili, kwa kuwa hakutakuwa na nafasi ya kuongeza neno. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba hata mimi sikuwa nimewahi kujiuliza kwa dhati, kwa ruta wala kwa mtu, uzima ni nini. Nilikuwa nikiuchukulia kuwa ni kila kitu kufanya kazi.

Kwa kipimo hicho hakuna ruta iliyo nzima muda wote. Redio moja inaweza kukataa kuwaka kwa sababu ya mpangilio mbaya, mtoa huduma wa intaneti anaweza kuwa ameanguka, diski ya nje inaweza kuwa imechomolewa. Si haki kuitupa fimwea nzima kwa mambo kama hayo. Taratibu nikafikia wazo jingine: labda ruta imeamka pale inapofikika, yaani pale mlango wake wa waya unapojibu na mtu anaweza kuingia ndani kurekebisha yaliyobaki. Ikishafika hapo, hata kama imelemaa, haihitaji tena kuokolewa kwa nguvu kutoka nje. Inaweza kusaidiwa.

Wazo hilo lilinigusa kuliko nilivyotegemea. Nimepita vipindi ambavyo mambo yangu mengi hayakuwa sawa, na nikiviangalia sasa, tofauti kati ya vile vilivyonielemea mno na vile nilivyovivuka haikuwa wingi wa matatizo. Ilikuwa kama kulikuwa na mlango hata mmoja ambao mtu angeweza kuugonga nami nikaitika. Sisemi kwamba hilo ndilo jibu la maisha. Nasema tu kwamba sikulifikia kwa kusoma vitabu vya hekima. Nililifikia nikitafuta mahali pa kuweka amri moja.

Hata hivyo wazo lenyewe lina tundu, na mama wa duka la dawa ndiye aliyenionyesha bila kukusudia. Kwangu ruta yenye mlango mmoja wa waya unaojibu ni nzima, kwa kuwa nina waya, nina kompyuta, na najua amri za kuandika. Kwake yeye waifai ikiwa imezima, ruta imekufa. Hana mlango mwingine wa kuingilia. Fimwea niliyoipitisha kwa kipimo changu ingemwachia kiboksi kinachojisifu kuwa salama huku yeye hawezi kupokea malipo ya wateja kwa simu yake. Je, kipimo kiwe cha anayetengeneza au cha anayetumia? Kila ninapodhani nimelijibu swali hili, namfikiria mtu mwingine mwenye ruta ileile mahali pengine, na jibu linalegea.

Wapo waliolikabili tatizo hili kwa kuanza na chuma chenyewe. OpenWrt One, ruta iliyopendekezwa na mradi mwanzoni mwa mwaka 2024 na kuanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka huohuo, ina chipu mbili tofauti za kumbukumbu, NAND kwa kazi za kila siku na NOR kwa uokoaji, na swichi ndogo ya kuchagua iwake kutoka ipi. Hapo hukumu haikuachiwa hesabu peke yake. Kuna kidole cha mtu. Naupenda uamuzi huo. Lakini ruta nyingi zilizo majumbani hazina swichi hiyo. Zile zenye nakala mbili za fimwea huwa na hesabu tu, na mtu aliyekisia mahali pa kuifuta.

Mwishowe niliiweka amri baada ya mtandao wa waya kusimama na huduma ya kuingilia kwa mbali kuanza, bila kusubiri waifai. Inatokea mapema kiasi cha kustahimili umeme wetu mara nyingi, ingawa si mara zote, na imechelewa kiasi cha kutosha kuinasa fimwea isiyofikika kabisa. Mhakiki alikubali. Kwenye maelezo ya kiraka niliongeza aya nzima juu ya sababu: niliogopa nini upande huu, niliogopa nini upande ule, na mtu wa duka la dawa anapoteza nini kwa uamuzi huu. Niliiandika kwa ajili ya yule atakayekuja baadaye na ruta kama hiyo, mahali nisipopajua, na kuona kwamba amri yangu imekaa vibaya. Aisogeze. Aya ile itamwonyesha nilikuwa nikimlinda nani, ili anapoisogeza naye aamue ni nani atakayemlinda.