Mlima Huonya, Tambarare Hubembeleza

Wengi wetu tukisikia habari za barabara ya hatari twawaza milima na makorongo. Mimi pia niliwaza hivyo, mpaka niliposafiri kwa basi kutoka Singida kwenda Nyahanga, kata mojawapo ya mji wa Kahama, kumtazama ndugu yangu.

Tulipofika Mlima Sekenke, pale barabara inaposhuka kwenda Shelui, abiria wote walinyamaza. Mama mmoja alitoa rozari yake. Dereva aliweka gia ndogo akashuka polepole, kama mtu aliyejitwika mtungi wa maji. Kwenye kona za namna hii wajenzi huinua ukingo wa nje wa barabara ili gari liegemee ndani, kama vile mpanda baisikeli anavyojilaza akikata kona. Lakini ukingo huinuliwa kwa kadiri ya mwendo fulani tu. Mwenye kupita kadiri hiyo, ukingo hautamwokoa.

Tukashuka salama, tukapita Igunga na Nzega. Huku nchi ni tambarare, na barabara imenyoka kama kamba iliyovutwa. Rozari ikarudi mfukoni, abiria wakasinzia, na dereva akakanyaga mafuta.

Baada ya Tinde na Isaka tulilikuta lori moja limebeba mzigo mzito, likipanda mwinuko mdogo sana, ambao mtu wa miguu asingeutambua. Nyuma yake magari yalikuwa yamejipanga, na madereva wamechoka kungoja. Dereva wetu akatoka kulipita. Mara, juu ya mwinuko, likatokea lori jingine likija mbele yetu! Kwa neema ya Mungu tuliwahi kurudi upande wetu. Hakuna aliyesinzia tena mpaka Kahama.

Asubuhi yake pale Nyahanga nilimsimulia mambo hayo mzee mmoja, jirani wa ndugu yangu, ambaye zamani alikuwa kibarua wa kujenga barabara.

"Mwangaluka, baba," nilimwamkia. "Mbona barabara nzuri namna ile nusura ituue?"

Mzee alichukua kijiti akachora mchangani. "Mwanangu," alisema, "mlima humwonya dereva, tambarare humbembeleza. Barabara nayo ina maneno yake. Ikiwa pana na imenyoka, humwambia dereva: Kimbia! Kisha mwinuko mdogo humficha anayekuja."

Akanieleza hesabu. Gari lenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Wajenzi hukadiria kwamba tangu jicho lione hatari mpaka mguu ufike kwenye breki hupita sekunde 2 na nusu. Basi gari limekwisha kwenda mita 55, na magurudumu bado hayajaanza kushikwa! Ili lisimame kabisa, wajenzi huhesabu mita 130, yaani kupita urefu wa uwanja wa mpira. Kwa mwendo wa kilometa 50, mita 65 zatosha. Na malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo kwa njia hii huruhusiwa na sheria ya Afrika Mashariki kufikia tani 56 pamoja na mzigo. Kitu kizito namna hiyo hakisimami kwa kupungiwa mkono.

"Na njia panda je?" niliuliza.

"Hizo ndizo za kuogopwa," alijibu. Akachora barabara mbili zilizokatana. Tukahesabu mahali ambapo njia ya gari moja yaweza kukutana na ya jingine: pakawa mahali 32. Akachora barabara moja inayoishia kwenye nyingine: mahali 9 tu. Akachora mzunguko wa barabara nne: mahali 8, na tena kila gari hulazimika kupunguza mwendo. Tena barabara ndogo yafaa iingie katika kubwa ikiwa imenyoka kama pembe ya meza, dereva apate kuona kulia na kushoto. Ikiingia kwa kulala upande, humbidi kupinda shingo, na asichokiona ndicho kimgongacho.

Mji wa Kahama umekua sana pamoja na dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza kazi mwaka 2001, na ule wa Buzwagi ulifanya kazi tangu mwaka 2009 hadi 2021. Watu wamejenga na kufungua maduka karibu na barabara kuu. Kwa hiyo barabara inayomwambia dereva akimbie ndiyo hiyo hiyo watoto wanayoivuka kwenda shule. Vibao vya 50 vipo, lakini kibao husema mara moja, na barabara iliyonyoka husema safari nzima.

Ndugu zangu, kazi ya wajenzi twawaachia wajenzi, lakini sisi tuna yetu. Tusivuke karibu na kona wala penye mwinuko. Tutafute mahali ambapo sisi twaona mbali na dereva atuona mbali. Tusianike mpunga wala kupanga bidhaa kwenye kando za barabara. Kando hizo ni njia ya baisikeli na ya miguu. Tukizijaza, tunamsukuma mtoto wa jirani kati ya magari. Usiku tuvae nguo nyeupe. Na mwinuko ukificha njia, wenye vyombo tungoje.

Nilipokuwa naagana naye, mzee alifuta michoro yake kwa mguu. "Amri ya Tano yasema Usiue," alisema. "Haikusema: isipokuwa barabarani."