Vijana wetu katika baridi ya Njombe

Msafiri atokaye Dar es Salaam akifika Makambako hukuta njia imegawanyika: moja yaendelea Mbeya hadi Zambia, nyingine yageuka kusini kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo yapita papo hapo. Mji wa njia panda una riziki zake na mitihani yake. Malori hulala, vilabu hukesha, na kijana wa miaka 14 hahitaji kwenda mbali ili ayaone yasiyomfaa.

Kwa sababu hiyo kamati ya msikiti wetu iliazimia, mwezi Juni, kuwapeleka vijana 18 wa kiume kupiga kambi Njombe, Jumamosi hadi Jumapili. Mama mmoja aliuliza swali la haki: "Ustadhi, mwanangu ana kitanda na blanketi nyumbani. Porini anafuata nini?" Tulimjibu kwamba nyumbani anaye pia mama wa kumwamsha Alfajiri, nasi twataka kujua nani ataamka pasipo mama. Aliyebaleghe amekwisha kuanza kuandikiwa amali zake mwenyewe.

Baina ya Makambako na Njombe ni takriban kilomita 60. Vijana waliuliza kama tutapunguza swala. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi wetu, huukadiria umbali wa kupunguza kuwa zaidi ya kilomita 80. Basi Adhuhuri tuliiswali rakaa 4 kamili, na wengi wakajua siku hiyo kwamba si kila safari hupunguziwa swala.

Simu zote zilibaki Makambako, hivyo Kibla kilitafutwa kwa jua. Huku kwetu Makka iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo. Na mwezi Juni jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Kivuli kilipokuwa kifupi kabisa, vijana walilielekea jua, wakageuka kulia kidogo, wakapanga mstari wa mawe ili usiku wasipotee.

Baada ya kuyatazama maporomoko ya mto Ruhuji, ambao maji yake hushuka Kilombero, kisha Rufiji hadi baharini, tulisimamisha mahema katika shamba la miti ya misindano la Muislamu mwenzetu, kwa idhini yake na kwa kumjulisha mwenyekiti wa kijiji. Kabla ya moto kuwashwa, vijana walifagia majani makavu, wakachimba shimo, wakaweka ndoo za maji kando. Kiangazi cheche moja yaweza kuteketeza miti iliyolelewa miaka mingi, na miti hiyo ni mali ya mtu. Amana waliyoisoma madrasa waliikuta pale ikiwa na mwenyewe.

Usiku, baada ya viazi na maharage, tuliwapa neno moja: kesho hakuna mtu mzima atakayeadhini wala kuamsha. Wakajipangia zamu za kulinda moto, wawili wawili.

Njombe iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na msimu ule umande huweza kuganda juu ya majani. Wakati wa Alfajiri ulipoingia, sisi wakubwa tulikuwa macho ndani ya hema, kimya. Dakika zilipita. Mmoja wetu alitaka kutoka, tukamzuia. Ndipo tukasikia kuni zikivunjwa. Wawili wa zamu ya mwisho walikuwa wakichemsha maji ya udhu kwa ajili ya wenzao, kwani walifundishwa kuwa penye maji na moto wa kuyapasha, baridi si udhuru wa kutayamamu. Kisha ikapanda adhana, kwa sauti inayokwaruza ya mtoto anayekuwa mtu mzima. Kumi na wanne walitoka wenyewe. Wanne waliamshwa na wenzao. Sisi tulisimama safu ya nyuma.

Ndugu wazazi, jambo hili halihitaji fedha nyingi: kila kijana alileta blanketi, sweta na chakula chake. Kina mama wameomba mabinti nao wapate kambi yao, chini ya walimu wa kike, na kamati imekubali. Wenye nafasi ya kusaidia usafiri tunawaomba wajitokeze baada ya swala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.