Kuhara Nyuma ya Kilio

Kwetu kambini watu watatu wakihara nyuma ya kilio, mara moja jirani wanasema: ni sumu ile! Mimi mchungaji naletewa jina la bibi mzee, lakini munganga wa kituo cha afya haambiwi kitu. Mbona hivyo?

Salmonela inakaa katika nyama iliyolala, kipindupindu katika maji machafu. Macho hayatoshi kuvitenganisha. Choo kinapelekwa labo. Kwa tifoidi ni damu, waone mikrobu ikiota, maana Widal peke yake inadanganya mara nyingi. Munganga anaandika hesabu, zoni ya afya inaipokea kila juma.

Basi, mwambieni upesi: nani alikula nini, saa gani, wangapi wanaumwa. Bibi yule mwacheni.