Mungu wa Kyoto anaongea kilugha

Kuna miji ukiitaja tu watu wanakuuliza umewaletea nini. Sema Dubai, mshikaji anataka kujua bei ya simu. Sema London, anauliza habari za mitumba. Mji wangu mimi ni Kyoto, kule Japani, na kila nikiutaja hapa Dar swali ni lile lile: vipi, ulijifunza karate? Hapana jamani. Nilijifunza roki.

Najua unajiuliza mtu wa Heru Juu, Kasulu, alifikaje huko. Kwa sisi wa Kigoma si ajabu hivyo. Chuo Kikuu cha Kyoto kimefika mkoani kwetu tangu zamani. Marehemu Profesa Toshisada Nishida alianza kuwafuatilia sokwe wa milima ya Mahale mwaka 1965, miaka mitano tu baada ya Jane Goodall kuanza yake kule Gombe, na Mahale ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Kwa hiyo ukienda Kyoto utawakuta wazee wa Kijapani wanaozungumza Kiswahili cha ziwani, tena kwa raha zao. Wiki yangu ya kwanza pale, mwaka 2001, mzee mmoja mwenye mvi alinisimamisha kwenye ngazi za chuo akaniuliza kama migebuka bado ipo. Migebuka! Nilitaka kumkumbatia.

Nilikaa miaka mitatu. Mji wenyewe ni wa baiskeli, mahekalu, na mto Kamo unaopita katikati, jioni vijana wanakaa kingoni na magitaa yao. Baridi yake haikunitisha sana, Heru Juu nako asubuhi si mchezo. Na heshima zao nilizielewa haraka. Mtu aliyelelewa na bibi wa Kiha, anayejua kuinama na kupiga makofi taratibu anapomwamkia mkubwa, hahitaji kufundishwa na Mjapani namna ya kukunja mgongo.

Kilichonishinda ni lugha. Hapo ndipo muziki ulipoingia.

Chumba cha jirani bwenini alikaa kijana mpiga gitaa la besi, mrefu kama mlingoti, hasalimii mtu kabla ya saa sita mchana. Siku moja akanigongea mlango na kunipa MD, vile visahani vidogo vya muziki ndani ya kasha la plastiki. Akasema kama nataka kujua Kijapani niachane na kitabu, nisikilize The Blue Hearts. Hilo ni kundi la roki la fujo lililoanza mwaka 1985 na kuvunjika 1995, wimbo wao wa "Linda Linda" wa mwaka 1987 mpaka leo watoto wa shule Japani wanaupiga. Maneno yao ni mepesi, mtoto wa darasa la tatu anayaelewa, ila wanayapiga kelele kana kwamba nyumba inaungua. Nikawa napiga kelele nao. Majirani walivumilia.

Baada ya hapo akanipa Quruli. Hawa ni wa Kyoto kabisa, walianza mwaka 1996 kwenye chama cha muziki cha Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, na wimbo uliowatoa mwaka 1998 unaitwa "Tokyo". Ni wa mtu aliyehamia jiji kubwa na kumuwaza aliyemwacha nyumbani. Badilisha Tokyo uweke Dar, na huyo jamaa anakuwa mtu wa Kasulu aliyeshuka kwenye treni ya Kigoma na begi lake moja. Nilizimika nao ile mbaya.

Mwaka 2004 nikarudi nyumbani na MD arobaini na tatu kwenye bati la biskuti. Mashine ya kuchezea ikafa mwaka uliofuata, na nionyeshe fundi wa Kariakoo mwenye spea za MD nimpe zawadi. Kazi, ndoa, mtoto, foleni za Ubungo. Bati likakaa juu ya kabati karibu miaka ishirini.

Basi bwana, Oktoba 2023 nikapelekwa Japani kwenye kozi ya wiki mbili, na Jumamosi ya kwanza nikapanda treni ya kasi kwenda Kyoto. Bwenini kwangu wamejenga ghorofa. Duka nililokuwa nakodi CD sasa linauza dawa za mafua na vipodozi. Nilisimama mbele yake kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Lakini Takutaku ilikuwepo! Ni ukumbi mdogo wa muziki uliofunguliwa mwaka 1974 ndani ya ghala la zamani la pombe ya mchele. Ukutani wanatundika mabango ya mbao yaliyochorwa kwa mkono, majina ya wanamuziki waliopita hapo. Unalipa kiingilio, na mlangoni lazima ununue kinywaji kimoja, utake usitake. Rafiki yangu wa besi alinisubiri pale. Ana kitambi, ana miwani, anauza bima. Hakunikumbatia, Wajapani hawana hizo, ila alininunulia kile kinywaji cha lazima na kunieleza habari iliyonifurahisha kuliko zote: Quruli wametoa albamu mpya mwezi huo huo, na mpiga ngoma wao wa kwanza, Nobuyuki Mori, aliyeondoka kundini mwaka 2002, amerudi kurekodi na wenzake wawili wa tangu chuo. Filamu yao nayo ilikuwa sinema mwezi huo. Tukaenda kuiona kesho yake. Watu wazima watatu wamejifungia wanatafuta wimbo, huyu anajaribu hiki, yule anacheka. Jamaa yangu alifuta miwani mara mbili. Mimi sikuwa na miwani ya kufuta.

Jumapili jioni akanipeleka kwenye duka la sahani za santuri. Humo ndimo nilimosikia kitu ambacho hakikuwemo kwenye MD zangu arobaini na tatu.

Mwaka 1967 kundi la wanafunzi wa Kyoto, The Folk Crusaders, lilitoa wimbo unaoitwa "Kaette Kita Yopparai", yaani mlevi aliyerudi. Sauti wameziharakisha mpaka zinalia kama za panya. Kisa chake: mlevi anakufa kwa kuendesha gari akiwa chakari, anapanda mbinguni, anakuta huko pombe ni tamu na wasichana ni wazuri, anaendeleza alipoishia. Mungu anachoka naye, anamkaripia na kumfukuza arudi duniani. Sahani hiyo iliuzwa zaidi ya nakala milioni mbili. Ila sikiliza hii: Mungu anapomkaripia yule mlevi, hatumii Kijapani sanifu cha kusomea taarifa ya habari. Anaongea lahaja ya Kansai, ile ya Osaka na Kyoto, kilugha cha akina mama wa sokoni. Mwaka 1967, redioni, nchi nzima inasikia Mungu anaongea kilugha.

Nikacheka, halafu nikanyamaza.

Rafiki yangu akanisimulia kwamba karibu mwaka 1970 wanamuziki wa Japani waligombana magazetini kuhusu jambo hilo la lugha. Yuya Uchida na wenzake walisema roki ni ya Kiingereza, ukitaka dunia ikusikie imba Kiingereza, Kijapani hakikai kwenye mdundo. Kundi la Happy End likakataa, likaimba Kijapani kitupu, na albamu yao ya mwaka 1971, "Kazemachi Roman", leo inahesabiwa kuwa moja ya nguzo za muziki wa kule.

Mgomvi huyo namjua. Si alipita kwetu? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Dar walirap Kiingereza cha Marekani, na wapo walioapa kwamba Kiswahili hakirapiki. Saleh Jabir akachukua mdundo wa "Ice Ice Baby" akaumiminia Kiswahili mwaka 1991, watu wakapagawa. Mr. II akaja na "Ni Mimi" mwaka 1995. Leo hakuna anayeuliza tena.

Lakini Kiha je? Mwaka 2012 wasanii wa Kigoma, akina Diamond, Mwasiti na Linex, walitoa "Leka Dutigite", jina la Kiha kabisa, ikapigwa kila kona. Mimi nikiwa kwenye daladala niliinua kichwa kama nimeitwa. Sijui kwa nini haukufuatiwa na mwingine na mwingine.

Nakueleza kwa nini jambo hili linaniuma. Mama yangu anaishi Heru Juu, amepita miaka themanini. Kiswahili chake alikipata ukubwani, na sasa kinamtoka, kila mwaka kidogo, kama rangi kwenye kitenge. Kinachobaki ni Kiha. Mwanangu amezaliwa Sinza, ana miaka kumi na mmoja, na Kiha chake kilikuwa ni neno moja, "mwakeye", salamu. Nikiwapigia simu wanasalimiana, halafu kimya, kila mmoja anasubiri nimtafsirie mwenzake. Mama akanisemesha siku moja, bila hasira, kwamba anamsikia mjukuu wake kama anavyosikia redio.

Desemba hiyo nikampakia mtoto kwenye basi, tukaenda Kasulu. Jioni ya pili, jikoni, maharage yakiwa motoni, nikamchezea mama wimbo wa yule mlevi kwenye simu. Mtoto alikufa kwa kicheko kwa zile sauti. Mama alisikiliza kwa makini, mimi namweleza kwa Kiha: sasa amekufa, sasa yuko mbinguni, sasa anakunywa. Ilipofika sauti nzito akauliza huyo mzee ni nani. Nikamwambia ni Mungu, na anaongea kilugha cha kwao.

Mama akatikisa kichwa kukubali, kama jambo linalojulikana. Kisha akasema kitu.

"Baba, bibi anasemaje?"

Nikamwambia amuulize mwenyewe.

Mama akairudia sentensi, taratibu. Mtoto akaijaribu. Mama akamrekebisha. Akajaribu tena, akarekebishwa tena, sauti ipande hapa, ishuke pale. Simu ikazima chaji wale wawili bado wanaendelea, na maharage ikabidi nikayaangalie mimi.