Berlin Wanapiga Kinanda, Kwetu Wanamwaga Maneno

Mswahili akishaizoea baridi ya Berlin, bado yapo mambo yatakayomshangaza. Mojawapo ni foleni ya vijana usiku wa manane wa Jumamosi, nje ya jumba la sinema la Babylon karibu na Rosa-Luxemburg-Platz, wakisubiri kutazama filamu iliyotengenezwa kabla babu zao hawajazaliwa. Filamu yenyewe haina rangi wala sauti, na kwa miaka mingi onyesho hilo limekuwa halina kiingilio. Jumba lilifunguliwa 1929, na kinanda chake kikubwa cha mabomba kingali palepale kilipofungwa mwanzoni. Mpigaji haangalii vidole vyake. Macho yako kwenye pazia, miguu inatafuta besi kwenye kanyagio za chini, na mtu akibamiza mlango kwenye picha, kishindo kinatoka papo hapo.

Ukweli ni kwamba sinema bubu haikuwa ikitazamwa kimya. Majumba makubwa yaliajiri okestra nzima, madogo yakatosheka na mpiga piano mmoja. Japani walikuwa na benshi, msimuliaji aliyekaa kando ya pazia na kuigiza sauti za wahusika wote. Baadhi yao walikuwa na mashabiki wengi kuliko hata waigizaji. Filamu za sauti zilipoenea baada ya 1927, wapigaji na wasimuliaji hao walikosa kazi, na filamu nyingi zikatupwa, zikaungua au zikaoza. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba, kati ya filamu ndefu karibu 11,000 za Kimarekani za enzi hiyo, zilizobaki kamili katika umbo lake la awali ni asilimia 14 tu.

Hizo chache zilizobaki, Ulaya wanazihangaikia. Mji mdogo wa Pordenone, kaskazini mashariki mwa Italia, una tamasha la sinema bubu tangu 1982, na kila Oktoba wapiga piano hodari hukutana huko, wakiwafundisha vijana namna ya kuifuata picha. Mwaka 1980, London, mtunzi Carl Davis aliongoza okestra kwa muziki aliouandaa kwa ajili ya Napoléon ya Abel Gance, filamu ya 1927 ambayo Kevin Brownlow alikuwa ameikusanya kipande kwa kipande. Onyesho lilichukua karibu saa tano. Davis hakutunga kila noti mwenyewe. Alichota pia kwa Beethoven, mtu aliyeishi zama moja na Napoléon. Wengi wanaoandika muziki mpya kwa sinema za kale leo wanapita njia aliyoifungua yeye.

Metropolis ya Fritz Lang ndiyo inayoonyesha muziki una uzito gani. Ilipozinduliwa Berlin Januari 1927 ilikuwa na tungo ya Gottfried Huppertz, lakini wasambazaji waliikata vibaya, na vipande vilivyokatwa vikapotea. Mwaka 2008 nakala chakavu yenye sehemu kubwa ya vipande hivyo ilipatikana kwenye jumba la makumbusho Buenos Aires. Mafundi walijuaje kipi kinatangulia kipi? Walifungua karatasi za Huppertz. Alikuwa ameandika juu ya noti zake maelezo zaidi ya 1,000 ya kinachotokea kwenye picha, ili mwongoza okestra asipotee. Miaka 80 baadaye noti hizo ndizo zilizoirudisha filamu kwenye mpangilio wake.

Mfano unaomgusa zaidi mtoto wa ughaibuni ni wa 2007, Trafalgar Square, London. Nitin Sawhney, Mwingereza mwenye asili ya India, aliitungia muziki A Throw of Dice, filamu ya 1929 iliyopigwa India kwa kisa kilichotokana na Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi, ikapigwa na London Symphony Orchestra hadharani. Mtoto wa wahamiaji aliipa sauti picha ya nchi ya wazee wake, katikati ya mji uliowahi kuitawala nchi hiyo.

Na kwetu je?

Zanzibar ilikuwa na Royal Theatre tangu 1921, jengo la Vuga lililoungua miaka ya hamsini na kujengwa upya kwa jina la Majestic. Kwa tarehe hiyo, filamu zake za miaka ya mwanzo zilikuwa bubu. Lakini desturi iliyokomaa kwetu haikuwa ya kinanda. Ingia kibanda umiza chochote, yaani banda la video la mtaani, Dar es Salaam, ukutane na DJ wa filamu: Lufufu ndiye aliyejenga jina kwa kuzimwagia filamu za kigeni Kiswahili. Kenya yuko DJ Afro, na Kampala wapo akina VJ Jingo kwa Kiganda. DJ hatafsiri tu. Anampa adui jina la mtaani, anamsuta shujaa kwa uzembe, anatabiri kipigo kabla hakijafika, na ukumbi unamjibu. Babylon ukikohoa, jirani anageuka.

Ni benshi huyo, ila kwetu hatumwiti hivyo. Kasoro yake ni moja: sauti yake huufunika muziki wa filamu. Kwenye sinema bubu asingekuwa na cha kufunika.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba tunazo sinema bubu zilizopigwa kwetu. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Waingereza uliokaa Vugiri, milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 za kilimo, afya na mambo ya serikali. Picha hazikuwa na sauti. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa Kiswahili, Kisukuma, Kikikuyu, Kijaluo na lugha nyingine, na lori likazunguka vijijini na mitambo. Zilizosalia ni chache mno, nazo zimehifadhiwa London katika hazina ya British Film Institute. Mojawapo inahusu mashamba ya Kingolwira, Morogoro.

Zilikuwa filamu za mkoloni kumwelekeza Mwafrika namna ya kuishi, na hapo ndipo mtunzi mpya anapokuwa na kazi tamu: muziki si lazima ukubaliane na picha. Fidla inaweza kumcheka bwana shamba. Na wapigaji tunao. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo Zanzibar tangu 1905, na taarab ya asili huanza na bashraf, tungo ya vyombo vitupu isiyohitaji mwimbaji; ganuni, udi, nai na dumbak vinajua kuzungumza bila maneno. Kinachohitajika ni nakala ya picha, shuka jeupe, projekta, wapigaji wanne na DJ wa kusimulia.

Waandaaji wa tamasha la filamu la Zanzibar wana Ngome Kongwe, ukumbi wa wazi unaomeza mamia ya watu. Waombe nakala ya Kingolwira kutoka London, wawakabidhi vijana wa taarab, na watangulize onyesho la kwanza Morogoro kabla ya Unguja. Wasomaji wa huku Ulaya wenye uwezo wa kufuatilia vibali, anzeni kuandika barua.